Chiriku Hakuaga

Inspekta aliweka madaftari mawili bega kwa bega juu ya meza ya mkata tiketi, akayafungua kwenye ukurasa wa Jumamosi iliyopita.

"Siku hiyo kivuko kilipakia abiria wangapi?"

"Arobaini na mmoja, afande. Wameandikwa hapo."

"Na hili la pili ni la nini?"

"La jaketi za kuokolea. Kila abiria anapewa jaketi, namba yake inaandikwa, akishuka anarudisha."

"Zilitoka ngapi?"

Mkata tiketi alianza kuhesabu kwa ncha ya kalamu. Alifika mwisho, akarudi juu, akahesabu tena. Jasho lilimtoka kwenye mdomo wa juu ingawa upepo ulikuwa ukipiga dirishani tangu asubuhi.

"Arobaini," alisema.

"Nahodha wenu anang'oa nanga na mtu asiyevaa jaketi?"

"Thubutu. Huyo hata mama yake mzazi angemshusha."

Inspekta aligeuza daftari la kwanza kuelekea mwangani. Majina arobaini yalikuwa ya wino mweusi, kwa mwandiko mmoja uliolala kulia kama majani yaliyopigwa na upepo. Jina la arobaini na moja lilikuwa la bluu, na herufi zake zilisimama wima. Lilikuwa jina la mwanamke aliyekuwa akitafutwa, mtandika vitanda wa nyumba ya wageni, mwenye umri wa miaka ishirini na minane, ambaye visiwa vyote saba vilimjua kwa jina la Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo.

"Nani aliandika hili?"

"Sijui, afande. Daftari hukaa hapa mezani. Mtu yeyote akiingia analifikia."

Chiriku alikuwa na dada mkubwa bara. Kila jioni, mvua isinyeshe au inyeshe, alimpigia simu na kumsimulia kisiwa kizima: nani kanuna, nani kachumbiwa, mgeni gani kachafua kitanda kwa mafuta ya kujipaka. Tangu Jumamosi simu haikulia. Jumatano yule dada alikwenda kukaa kwenye benchi la kituo cha polisi, na hakubanduka mpaka Inspekta alipokabidhiwa jalada. Ijumaa asubuhi, kivuko cha kwanza kilichothubutu kuvuka baada ya siku tano za upepo kilimleta Inspekta kisiwani. Kingerudi saa tisa alasiri. Kingine kingekuja Jumatatu.

Na kesho, Jumamosi, ilikuwa inafika meli ya kwanza ya watalii ya msimu, watu mia tatu kwa mpigo. Ikishatia nanga, hakuna ambaye angepata hata dakika ya kuulizwa swali.

Kisiwa kizima kilikuwa mbioni. Magodoro yalianikwa ukutani, milango ilipakwa rangi, mwanamke mmoja alikuwa akisugua ngazi za gati kwa brashi ya nguo. Watu mia nne waliishi pale kwa miezi minne ya wageni, na minane iliyobaki waliishi kwa kuingoja ile minne. Inspekta alipita katikati yao. Salamu aliitikiwa, lakini macho hakupewa.

Katika nyumba ya wageni, meneja alimpokea kwa haraka ya mtu mwenye mgonjwa ndani. Alikuwa mwembamba, shati limenyooka, kola imelowa.

"Alipanda kivuko cha Jumamosi," alisema kabla hajaulizwa. "Alibeba begi la kijani."

Mtunza bustani, akiwa amepiga magoti kwenye maua, alisema: "Alipanda kivuko cha Jumamosi. Alibeba begi la kijani." Muuza vinywaji wa gatini alisema hivyo hivyo. Mama yake Chiriku, mwanamke wa makamo aliyekuwa akichambua mchele mlangoni kwake, alijibu kwa maneno yale yale, begi lile lile, rangi ile ile, na hakuinua macho kwenye sinia. Ilikuwa kama darasa la watoto waliokaririshwa.

Kwa hiyo jikoni Inspekta hakuuliza habari za kivuko wala begi. Alimuuliza mpishi swali dogo tu.

"Alikuaga vipi?"

Mpishi alikoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa. "Hakusema kitu."

"Umefanya naye kazi muda gani?"

"Miaka mitano."

"Katika miaka hiyo mitano, aliwahi kupita jikoni humu bila kusema kitu?"

"Chiriku?" Tabasamu lilimtoka mpishi bila ruhusa. "Huyo hata usingizini anaongea..." Kisha midomo yake ikafungana.

"Sasa leo nimekutana na watu kumi na mmoja waliomwona akiondoka," alisema Inspekta taratibu. "Hakuna hata mmoja aliyemsikia. Wote mna macho, masikio hamna."

Mpishi alifuta mikono kwenye aproni. Alitazama mlango, halafu akasogea karibu. "Muulize Kaptura, mwenye boti. Alimtaka, akakataliwa mbele za watu. Mimi sijasema kitu."

Kaptura aliitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona amevaa suruali ndefu. Alikuwa mtu wa mabega mapana, kazi yake kuwazungusha wageni kwenye visiwa vidogo. Inspekta alimkuta kwenye ufuko mdogo wa mchanga nyuma ya gati, boti yake imevutwa nchi kavu, naye amekaa ubavuni mwake anatazama bahari inavyochemka.

"Fungua hilo sanduku la chini ya benchi."

Alifungua. Kamba, mafuta, kopo la kutolea maji. Chini kabisa kulikuwa na kitambaa cha kichwa cha zambarau, kimekauka kwa chumvi. Dada mtu, kule bara, alikuwa amekitaja kwa rangi na kwa pindo lake.

"Cha nani?"

"Sijamuua."

"Sijakuuliza kama umemuua."

"Najua unachofikiri. Aliponikataa nilicheka pamoja na watu, tukabaki kama kaka na dada."

"Kitambaa kilifikaje humu?"

Kaptura aliikalia mikono yake mikubwa. "Afande," alisema, "huko bara wamesema upepo utatulia lini?"

Inspekta aliona huyo ni mtu anayekwepa. Alichukua ufunguo wa injini, akautia mfukoni, akamwambia asiondoke hapo. Alipopanda kurudi mjini alikuwa ameshaanza kuandika kichwani habari ya mwanaume aliyekataliwa, boti na maji marefu. Ilikaa vizuri, na hilo lilimkera. Kumi na mmoja wanadanganya kwa sauti moja ili kumkinga mtu mmoja wa kaptura? Kisiwa hakimpendi mtu kiasi hicho.

Saa sita na nusu aliingia ukumbi wa chakula wa nyumba ya wageni kuomba maji. Akasimama mlangoni. Ukumbi ulikuwa na madirisha makubwa pande mbili. Upande wa magharibi, wa ukuta na matangi, mapazia yalikuwa wazi. Upande wa mashariki, wa bahari, yalifungwa na kubanwa kwa pini. Viti vyote viligeuzwa migongo kwa bahari.

Mgeni mmoja tu alikuwa akila. Alikuwa mwalimu mstaafu wa baiolojia, bibi wa miaka sabini aliyekuja kupiga picha ndege.

"Shikamoo, mwalimu. Jua linakusumbua?"

"Marahaba, mwanangu. Jua la mashariki adhuhuri?" Bibi alicheka puani. "Tangu Jumapili wanafunga. Nikifungua, mhudumu anakuja kufunga. Nimeamua kupigia picha zangu kwenye dirisha la chumba changu. Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, pale pale, kile kisiwa cha ndege. Ni lazima nipige mahali pamoja ndipo nijue kama wanaongezeka."

"Naomba kuziona."

Kisiwa cha ndege kilikuwa cha saba na kidogo kuliko vyote, mwamba na vichaka vichache, ng'ambo ya mkondo. Picha ya Jumapili ilionyesha ndege na mawimbi, na juu ya mwamba unaotazama mji, alama tatu nyeupe.

"Hizo nilidhani ni kinyesi," alisema mwalimu. "Ndege wakikaa sana mahali hupafanya peupe."

"Ndege gani anakunya kwa pembe nne, mwalimu?"

Bibi alivaa miwani. Akaikuza picha. Kila alama ilikuwa na mstari wa bluu pembeni, na mawe kwenye kona. Inspekta alinyanyua kona ya kitambaa cha meza alichokuwa akila juu yake yule bibi. Mstari wa bluu.

"Mashuka," alinong'ona mwalimu.

"Endelea. Jumatatu."

Jumatatu mashuka yalikuwa yamehamishwa mpaka ukingoni, yamepangwa kama msalaba. Jumanne msalaba ulikuwa juu zaidi. Jumatano yalikuwa mawili, moja limekunjamana. Alhamisi yalikuwa mawili, pale pale, moja limekunjamana vile vile. Ijumaa, leo, hali ile ile, mkunjo ule ule.

Inspekta aliweka picha ya Jumatano na ya leo pamoja, akazitazama kwa muda. Mtu aliyehamisha mashuka kila siku aliacha kuyahamisha Jumatano. Au hakuona tena haja, au hakuweza tena.

"Nilikuwa namwangalia," alisema bibi. Kamera ilimlemea mikononi. "Siku sita zote nilikuwa namwangalia."

Inspekta aliichukua kamera, akatoka mbio.

Zahanati ilikuwa vyumba viwili na korido. Muuguzi, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta, alikuwa akipanga chupa za dawa kwa ajili ya msimu. Inspekta hakukaa. Aliweka kamera mezani, juu ya daftari la wagonjwa.

"Ana ugonjwa gani?"

Muuguzi alitazama picha. Chupa aliyoshika aliirudisha rafuni, akaigeuza lebo itazame mbele, kama vile hilo ndilo lililokuwa muhimu.

"Tetekuwanga," alisema.

"Ugonjwa wa watoto."

"Kwa mtu mzima ni mwingine. Upele ulimtoka Ijumaa usiku, uso mzima. Meneja akaniita. Unakumbuka mwaka juzi? Ulienea uvumi kwamba hapa kuna homa, na haikuwapo. Meli zilipita mbali. Tuliona taa zake tu. Watu walikula mlo mmoja kwa miezi, afande. Nilizika watoto wawili waliokuja kwangu wakiwa mifupa." Alivua miwani. "Tukasema siku kumi. Siku kumi tu akae kule, kwenye kibanda cha watafiti, upele ukauke. Yeye mwenyewe alikubali. Alicheka, akasema angalau atapumzika kutandika vitanda vya watu. Kaptura alimvusha Jumamosi alfajiri. Jina kwenye daftari la kivuko niliandika mimi."

"Chakula?"

"Cha siku tatu. Kaptura angempelekea kingine Jumatatu. Upepo ukaanza Jumapili jioni."

"Kwa nini hamkupiga simu bara? Kwa nini hamkuomba chombo kikubwa?"

"Kila asubuhi tulisema kesho utatulia."

"Na kila asubuhi mliyaona mashuka."

Sauti iliyojibu ilitoka mlangoni.

"Tuliyaona."

Mama yake Chiriku alikuwa amesimama kizingitini na chupa ya uji imefungwa kwenye kanga. Muuguzi alisema kwa sauti ya chini kwamba kila siku alikuja nayo, akauliza kama boti inakwenda, akaambiwa bado, akarudi nayo nyumbani.

"Asubuhi ulinidanganya, mama," alisema Inspekta.

"Nilikudanganya. Nina wanangu wengine watatu wanaokula kwa msimu huu. Nilipima." Alisema neno hilo kama mtu anayetema jiwe. "Nikaona siku kumi si nyingi. Sasa twende."

Gatini meneja aliwakuta, nyuma yake watu thelathini au arobaini walioacha brashi na ndoo. Hawakuwa na hasira. Walisimama tu, wamejikunyata kwa upepo.

"Afande, nisikilize," alisema meneja. "Meli inaondoka kesho jioni. Jumapili nitakwenda mwenyewe, hata kwa kuogelea. Usituue wote kwa ajili ya siku moja."

"Mashuka hayajasogezwa tangu Jumatano."

Wale watu nyuma ya meneja wakatazama chini. Inspekta akaelewa kwamba hilo nalo walikuwa wakilijua, kila mmoja kivyake, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Alimtupia Kaptura ufunguo wa injini. Kaptura aliudaka, akautazama mkondo, ambako mawimbi yalikuwa yakivunjika meupe kutoka upande mmoja hadi mwingine.

"Boti hii haipiti pale," alisema, "na kivuko kitakwama kwenye miamba." "Ingekuwa inapita, ningekwenda Jumatatu. Nilijaribu mara mbili, ikanirudisha imejaa maji."

Mama yake Chiriku aliingia ndani ya boti iliyokuwa mchangani, akakaa kwenye benchi la mbele, chupa ya uji mapajani. "Basi nitakaa humu," alisema, "mpaka ipite."

Kisha mpishi akavua aproni, akashika ubavu wa boti. Mtunza bustani akashika mwingine. Wakaisukuma wote mpaka majini, na mkata tiketi akarusha ndani jaketi nne.

Kuvuka kulichukua dakika hamsini, njia ambayo siku shwari huchukua kumi. Muuguzi alitoa maji kwa kopo bila kupumzika. Inspekta, mtu wa nchi kavu tangu kuzaliwa, alitapika mara mbili na kushika benchi kwa mikono yote miwili. Mara moja injini ilikohoa, Kaptura akaisemesha kwa upole kama mtoto, ikaitika. Walizunguka nyuma ya mwamba, upande uliokingwa na upepo, wakapanda kwa magoti.

Kibanda hakikufungwa kwa nje wala kwa ndani. Chiriku alilala sakafuni, karibu na mlango, amejifunika lile shuka la tatu. Upele ulikuwa umeanza kukauka, kama walivyotabiri. Si upele uliokuwa ukimmaliza. Kifua kilipanda na kushuka haraka haraka, kifupi kifupi, na midomo ilikuwa ya rangi ya majivu. Kando yake ndoo ya maji ya mvua ilibaki robo.

Muuguzi alipiga magoti, akaweka sikio mgongoni kwake. Alisikiliza kulia, akasikiliza kushoto.

"Mapafu," alisema. "Yote mawili. Hawezi kuvushwa kwa boti hii, atakufa njiani. Anahitaji oksijeni, na leo."

Simu ya Inspekta haikuwa na mtandao. Kaptura alikuwa na redio ya boti, ile inayosikika na kila chombo kilichoko baharini. Aliileta kibandani, akasita kuitoa mkononi.

"Meli ya kesho iko njiani," alisema. "Itasikia. Tuseme amevunjika mguu. Watakuja vile vile."

"Wakija kwa mguu wataleta mbao na bandeji," alisema muuguzi.

Alitazamwa na wote watatu. Nje upepo ulipiga bati, likatulia. Inspekta angeweza kuichukua redio na kusema mwenyewe, na alikuwa amenyoosha mkono tayari, lakini muuguzi aliiwahi. Alibonyeza kitufe. Alitaja visiwa, akajitaja yeye na kazi yake, na akasema mgonjwa wake ana tetekuwanga iliyoingia kwenye mapafu, kwamba alikuwa akiugua tangu Ijumaa iliyopita, kwamba kuna wengine mjini ambao huenda wameshaambukizwa, na kwamba yeye ndiye aliyemficha.

Redio ilikwaruza. Bara wakajibu: chombo cha uokoaji kinaondoka, kitafika baada ya saa tatu. Kisha ikaingia sauti nyingine, ya mwanaume mtulivu, mwenye kuchagua maneno. Alijitambulisha kuwa nahodha wa meli ya abiria.

"Naomba urudie," alisema. "Ni visiwa gani?"

Muuguzi alifumba macho. Akarudia, kwa sauti ile ile, bila kupunguza neno.

"Nimekuelewa," alisema nahodha. "Poleni."

Kaptura alitoka nje, akakaa juu ya mwamba, mgongo kwa mji. Mama alikuwa ameshakiinua kichwa cha binti yake na kukilaza kwenye mapaja yake, akimnywesha uji kwa kifuniko cha chupa, tone kwa tone. Nusu ulimwagika shavuni. Nusu ulipita.

Inspekta alitoa pingu mkobani. Alizitoa kwa mazoea ya miaka ishirini na mbili, kwa kuwa mtu alikuwa amekiri mbele ya mashahidi. Muuguzi aliziona. Alinyoosha mkono mmoja, wa kushoto. Wa kulia ulikuwa juu ya kifua cha Chiriku.

"Nivishe tu, afande," alisema. "Lakini saa tatu hizi nani atahesabu pumzi zake? Zikizidi hamsini kwa dakika lazima akalishwe. Zikipungua ghafla lazima apuliziwe."

Inspekta alizitazama pingu, akazirudisha mkobani. Akavua saa yake ya mkononi, akaiweka sakafuni mahali ambapo muuguzi angeiona vizuri.

"Hesabu," alisema.

Na muuguzi akaanza kuhesabu.